Sanduku la Baba Mdogo: Safari Yetu ya Sham Shui Po

Baba mdogo wa watoto wetu alikuwa baharia. Kwa zaidi ya miaka 20 alifanya kazi katika meli za mizigo, na kila aliporudi Dar es Salaam alikuja na habari za bandari ambazo sisi tulizijua kwa majina tu: Rotterdam, Hamburg, Kobe, Yokohama. Alifariki dunia mwaka 2022 baada ya kuugua kwa muda mfupi. Hakuacha mke wala mtoto. Aliacha begi la nguo, Biblia yake, na sanduku moja la bati ambalo, akiwa bado na nguvu za kusema, aliagiza apewe kijana wetu.

Baada ya arobaini tulilifungua. Ndani mlikuwa na mashine ya kuchezea michezo ya televisheni, PlayStation ya kijivu aliyoinunua Ulaya, pedi mbili za kuchezea, kadi ndogo ya kuhifadhia kumbukumbu za michezo, na diski 9. Diski zote alizinunua Japani madukani, na vijitabu vyake vya Kijapani vilikuwa bado vimo. Kijana wetu, ambaye wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza, aliunganisha nyaya, akaweka diski ya kwanza, akasubiri. Mashine ikaandika kwenye kioo kwamba iwekewe diski ya PlayStation. Akaitoa, akaifuta kwa shati lake, akairudisha. Maneno yakawa yaleyale. Alizijaribu zote 9 na zote zikakataliwa.

Tulikuja kuelewa baadaye. Kule melini mabaharia walikuwa na mashine ya Kijapani waliyoichezea pamoja, na diski zile ziliingia humo bila tatizo. Siku baba mdogo alipojinunulia mashine yake mwenyewe katika bandari ya Ulaya, hakujua kwamba haitazitambua. Basi alizitunza tu.

Kijana akawa na neno moja mdomoni: chipu. Alisikia mtaani kwamba fundi akiifungua mashine na kuweka chipu ndogo ndani, itazikubali diski za nchi yoyote. Tuliwauliza mafundi wawili watatu Kariakoo. Waliikumbuka kazi hiyo vizuri, lakini walisema chipu za mashine ya zamani kama ile hawana tena. Kwa hiyo mwezi Machi mwaka 2024, tulipopanga safari ya Guangzhou kununua vifaa vya umeme vya duka letu dogo, kijana alituomba tuibebe. Tuliifunga kwa kanga mbili, tukaiweka katikati ya sanduku la nguo pamoja na diski 2 na ile kadi.

Kutoka Guangzhou kwenda Hong Kong

Mmoja wetu ni muuguzi, na hii ilikuwa likizo yake ya kwanza ya kusafiri nje ya nchi. Yule mwingine amekwenda Guangzhou mara kadhaa kwa biashara, naye alijua kwamba kazi ya mashine kama ile inatafutwa Hong Kong. Tulipomaliza manunuzi tulipanda treni ya mwendo kasi, na baada ya muda unaokaribia saa moja tukashuka kituo cha West Kowloon.

Jambo la kwanza lililotufurahisha lilikuwa dogo sana. Chumbani tulikuta tundu la umeme lenye matundu matatu ya mraba kama ya nyumbani kwetu. Waingereza waliacha plagi hiyo huko kama walivyoiacha kwetu Afrika Mashariki, na umeme wa Hong Kong ni volti 220, unaokaribia wetu. Magari nayo yanapita kushoto kama kwetu na kama Japani. Ndiyo maana gari lililotumika Japani linashuka bandarini Dar es Salaam na kuingia barabarani usukani wake ukiwa upande unaotakiwa. Baba wa nyumba alilisema hilo akicheka: "Gari zima la Mjapani linakubaliwa, kidiski cha kiganja kinakataliwa!"

Mtaa wa mafundi na wa akina mama

Sham Shui Po ni sehemu ya Kowloon wanakoishi watu wengi wa kipato cha chini. Ukitoka kituo cha treni ya chini ya ardhi unatokea katikati ya kelele. Mtaa wa Apliu umejaa meza za vifaa vya umeme: nyaya, tochi, redio za zamani, simu zilizofunguliwa, rimoti zilizopangwa kama samaki sokoni. Mitaa michache mbele yake biashara inabadilika. Ki Lung ni mtaa wa vitambaa, na Yu Chau ni wa shanga. Akina mama wenzetu mnaoshona mtatuelewa tukisema kwamba saa nzima ilipotelea hapo.

Mtaa huo una historia yake ya machozi. Usiku wa Krismasi mwaka 1953 moto uliteketeza vibanda vya wakimbizi wa Shek Kip Mei, karibu na hapo, na watu zaidi ya 50,000 wakabaki bila makazi katika usiku mmoja. Serikali ikaanza kuwajengea majengo marefu yenye vyumba vidogo sana, familia nzima chumba kimoja. Jengo moja kati ya yale ya kwanza, Mei Ho House, lilihifadhiwa, na sasa ni hosteli yenye makumbusho ndani. Tulisimama mbele ya chumba kilichopangwa kama zamani: kitanda cha ghorofa, jiko la kibaraza, cherehani. Watoto waliokulia katika vyumba vya namna hiyo ndio waliokuwa mafundi na wachuuzi wa mitaa hii.

Katika mtaa wa Fuk Wa kuna jengo linaloitwa Golden, lenye maduka ya kompyuta yaliyobanana kama chembe za hindi. Miaka ya 1980 jengo hilo lilijulikana mbali kwa kompyuta za bei nafuu na programu za kunakili. Miaka ya 1990 ikawa zamu ya michezo ya televisheni. Michezo mipya ilitoka Japani kwanza, na mara nyingine nchi nyingine zilingoja miezi mingi. Hong Kong iko jirani na Japani, kwa hiyo diski ziliwahi kufika. Ziliwakuta watu wenye mashine za kila namna, na hapo ndipo kazi ya kufungua mashine ilipopata wateja.

Kufuli lisiloonekana

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa mzee wa makamo ya baba zetu, katika kijiduka ambacho watu wawili wakisimama, wa tatu anangoja nje. Mjukuu wake wa kike alitutafsiria kwa Kiingereza. Tulimpa mzee mashine yetu. Aliigeuza tumbo juu, akaweka kidole kwenye namba: SCPH-7502. Akasema, "Ya Ulaya." Alitueleza kwamba tarakimu ya mwisho ndiyo inayosema asili yake: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 2 ni Ulaya.

Kisha akatueleza kufuli lenyewe, nasi tunawaeleza kama tulivyoelewa. PlayStation ilianza kuuzwa Japani mwezi Desemba mwaka 1994, na Marekani na Ulaya mwezi Septemba mwaka 1995. Jumla ziliuzwa zaidi ya milioni 100. Kila diski halisi ina njia nyembamba inayozunguka kuanzia katikati, na mwanzoni kabisa njia hiyo inatikisika kidogo kwa makusudi. Mtikisiko huo ni maandishi. Unabeba herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine ikiwashwa inazisoma kwanza herufi hizo. Zikilingana na za kwake, mchezo unaanza. Zisipolingana, inakataa. Kompyuta ya kawaida ikinakili diski hainakili mtikisiko huo, kwa hiyo diski ya kunakili haina herufi zozote, nayo pia inakataliwa.

Muuguzi kati yetu alifikiria damu papo hapo. Wodini hatuwezi kumwekea mgonjwa wa kundi A damu ya kundi B. Lazima tupime, tulinganishe, tuandike, na mwenzako ahakiki. Lakini mzee alipoambiwa mfano huo alitikisa kichwa. Alisema damu hukataliwa na mwili wenyewe, na ukilazimisha, mtu anaweza kufa. Diski ya Japani haiidhuru mashine ya Ulaya hata kidogo. Kilichoikataza ni uamuzi wa wafanyabiashara, ili kila eneo la dunia liuziwe kwa wakati wake na kwa bei yake. Kitu kinachofanana na damu, alisema, ni umeme. Mashine ya Japani imetengenezwa kwa volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa kwetu, itaungua. Katazo hilo halikuwekwa na tajiri yeyote.

Alitutolea mfano wa mashine nyingine, Super Famicom ya kampuni ya Nintendo. Ile ya Marekani iliwekewa vijino viwili vya plastiki katika tundu la kuingizia mchezo, ili mchezo wa Japani usipite. Watu walichukua koleo wakavivunja vijino, na mchezo wa Japani ukaingia na kucheza. Kufuli zima lilikuwa plastiki mbili zisizozidi ukucha.

Chipu ilivyofanya kazi

PlayStation haikufunguliwa kwa koleo. Mzee alivuta droo akatoa mashine moja bovu, akafungua skrubu, akatuonyesha ndani. Juu ya ubao wa kijani palikuwa na kidude cheusi chenye miguu minane, kidogo kuliko punje ya mahindi, kimeunganishwa kwa nyaya nyembamba kama uzi. Hiyo ndiyo chipu. Kila waya ulilehemiwa mahali pake kwa chuma cha moto na risasi. Fundi asipokuwa na mkono mtulivu, tone moja la risasi likigusa njia mbili, mashine imekufa. Moshi wa kazi hiyo si mzuri kwa kifua, na mikono inapaswa kunawiwa kabla ya kushika chakula. Mzee alituonyesha feni yake ndogo dirishani na beseni lake, na muuguzi wetu akaridhika.

Kazi ya chipu ni moja tu. Mashine inapongoja kusikia herufi nne za kwake kutoka kwenye diski, chipu inazitamka yenyewe, tena na tena, hata mashine iamini. Haisomi diski. Haijui kama diski ni ya Japani au ya Marekani, kama ililipiwa au iliibwa. Inajibu ndiyo kwa kila kitu.

Hapo tulitazamana. Kila mmoja alielewa maneno yale kwa namna yake.

Baba wa nyumba alisema, "Sisi hatuna wasiwasi. Diski zetu zililipiwa. Ndugu yangu alizinunua kwa jasho lake." Mama wa nyumba akauliza kama kazi hiyo inaruhusiwa na sheria. Ukweli ni kwamba mataifa hayakukubaliana. Mwaka 2004 mahakama ya Uingereza iliamua dhidi ya mtu aliyekuwa akiuza chipu za namna hiyo. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Australia iliamua kinyume, kwamba kwa sheria ya huko ilivyokuwa wakati ule muuzaji wa chipu hakuivunja. Mahakimu wenye elimu kubwa walitazama vidude vya namna moja, wakaona mambo mawili.

Mzee mwenyewe alikuwa ameshajiamulia. Kupitia kwa mjukuu wake alisema kwamba miaka ya 1990 aliweka chipu nyingi mno. Mwanzoni wateja walikuja na diski za Japani mkononi. Baadaye walikuja mikono mitupu, kwa sababu diski za kunakili ziliuzwa ngazi chache kutoka hapo kwa bei ya chakula cha mchana. Aliona kwamba watu hawakuwa wakitafuta michezo ya Japani tena, akaiacha kazi hiyo. Kisha akainama chini ya meza, akavuta mashine nyingine ya kijivu, kuukuu lakini safi. Namba yake iliishia na 0. Ilikuwa ya Japani, na pamoja nayo alitutolea transfoma nzito ya kushusha umeme hadi volti 100. Alichukua diski yetu moja, akaiweka. Muziki ukaanza, na maandishi ya Kijapani yakajaa kwenye kioo chake kidogo.

Hakuna kilichofungwa wala kufunguliwa. Diski ya Japani ilikuwa imeingia katika mashine ya Japani.

Simu ya nyumbani

Tulifurahi kupita kiasi. Tulipofika chumbani tulipiga simu nyumbani, ambako kijana alikuwa na bibi yake.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Baba. Mmeweka chipu?"

Tulimweleza kwa bashasha: tumepata mashine nyingine, ya Japani kabisa, itacheza diski zote za baba mdogo, na ile ya baba mdogo itabaki kama alivyoiacha bila kutobolewa. Tulingoja apige kelele za furaha. Simu ikanyamaza. Tukadhani mtandao umekatika.

"Lakini Mama," alisema mwishowe, "mimi nilitaka chipu."

Baba yake akamuuliza, "Ya nini tena, mwanangu? Diski zote zitacheza."

Kimya tena. Akina mama mnakumbuka hukumu ya Mfalme Sulemani, jinsi upanga ulivyoletwa na mama wa kweli akajulikana kwa jibu lake. Sisi hatukukusudia kumtega mtoto wetu. Mashine ya yule mzee ndiyo iliyouliza swali ambalo sisi hatukujua kuliuliza: ukipewa ulichosema unakitaka, bado unataka nini?

Alianza kulia. Chini ya godoro lake zilikuwepo diski 14 za kunakili, alizonunua moja moja kwa kijana wa mtaa wa pili, akingoja siku mashine itakapowekwa chipu. Fedha alizitoa wapi? Zilikuwa za chakula cha mchana cha shuleni. Kwa muhula mzima na sehemu ya mwingine alikuwa akishinda na njaa siku tatu au nne za juma.

Hapa tunaomba mtuvumilie, kwa maana kuandika haya si rahisi. Miezi yote ile kijana alilalamika tumbo. Muuguzi aliye mama yake alimpima choo, akampima damu, akampa dawa za minyoo, kisha dawa za kupunguza asidi, akamkataza pilipili. Anawahudumia watoto wa watu kila siku, anawauliza mama zao maswali yote yaliyoandikwa kwenye kadi. Kumbe wa kwake alikuwa na ugonjwa ambao dawa yake ni sahani ya wali na maharage.

"Kwa nini hukusema?" tulimuuliza.

Jibu lake tunalo hadi leo: "Mliniuliza kama tumbo linauma. Hamkuniuliza kama nimekula."

Usiku wa mazungumzo

Usiku ule hatukulala mapema. Mmoja wetu alisema tuache kila kitu, turudi mikono mitupu, mtoto ajifunze. Mwingine alisema mtoto amesema kweli akiwa mbali, bila kuona fimbo, na kweli hiyo isilipwe kwa adhabu tupu. Mmoja alilaumu mtaa na wauza diski. Mwingine akakumbusha kwamba sisi wenyewe tuliibeba mashine ile maelfu ya kilomita bila kumwuliza kijana hata swali moja la maana, kwa sababu ilipendeza kumtendea jambo kwa jina la marehemu.

Tulizungumza pia juu ya chipu, na hatukuwa na neno la kuwahukumu wote walioitumia. Wapo waliofungua mashine zao ili kucheza mchezo walioulipia katika nchi ya mbali, na hao hatuwaoni kuwa wezi. Lakini mlango uleule ulioachwa wazi kwa ajili ya diski 9 za baba mdogo ungewapitisha wale 14 wa chini ya godoro, na mashine isingejua tofauti. Tofauti ingebaki mikononi mwa kijana wa miaka 15, peke yake, usiku, mlango umefungwa. Hilo ndilo tulilokuwa karibu kumwachia bila kumwambia kwamba tumemwachia.

Tukapiga magoti. Asubuhi tulirudi kwa mzee, tukalipia mashine ya Japani na transfoma yake.

Gereji ya marehemu

Tulipofika nyumbani tulizikuta diski 14 mezani sebuleni, zimepangwa. Hatukumwagiza aziweke hapo. Tulizigeuza pamoja naye, na hapo tukajifunza jambo ambalo kila mama mwenye mashine hizi za zamani anaweza kulitumia: diski halisi ya PlayStation ile ya kwanza ni nyeusi upande wa chini, huku ile ya kunakili mara nyingi inang'aa kama fedha au ina rangi ya kijani au samawati. Nyeusi zilikuwa 9. Zinazong'aa zilikuwa 14. Alizivunja mwenyewe, moja moja, akazitia katika ndoo ya taka. Baba yake alikaa karibu naye, hakusema neno.

Hatukumpa mashine siku hiyo. Ilikaa juu ya kabati hadi mitihani ikaisha, na chakula chake cha mchana kikaanza kubebwa kwenye kopo kutoka nyumbani. Tumbo halijauma tena. Uzito umeongezeka kilo 4.

Siku ya kwanza ya likizo tuliunganisha transfoma kwanza, tukasoma namba zake mara mbili kama wodini, mmoja akisoma na mwingine akihakiki. Kijana aliweka diski ya Gran Turismo, mchezo wa magari uliotoka Japani mwezi Desemba mwaka 1997. Humo mchezaji hawezi kuingia mashindano makubwa mpaka afanye majaribio ya udereva na kupata leseni. Kisha akachomeka ile kadi ndogo ya baba mdogo.

Hatukutegemea chochote. Kadi ilikuwa imekaa miaka mingi. Lakini ilifunguka, na kwenye kioo ikaonekana gereji. Yalikuwemo magari aliyoyakusanya moja moja katika usiku wa baharini, Toyota Supra na Nissan Skyline mbele, na leseni zake alizofaulu, na muda wake bora wa kila mzunguko hadi sehemu ndogo ya sekunde. Kumbukumbu hiyo iliandikwa na mchezo wa Japani, nao ndio ungeweza kuifungua. Baba wa nyumba alitoka nje kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi.

Kijana hakuendesha magari yale. Alisema, "Haya ni ya baba mdogo. Mimi nitaanza na langu." Akafungua ukurasa mpya, akaanza na jaribio la kwanza la leseni, akashindwa mara tano.

Neno kwa akina mama wenzetu

Mambo ya mashine yamebadilika. PlayStation 3 ya mwaka 2006 na Nintendo Switch ya mwaka 2017 zilitoka zikikubali michezo ya nchi nyingine, kwa hiyo kijana wako leo pengine hatakuomba chipu. Ataomba kitu kingine, chenye jina jingine ambalo hatujalisikia. Atakueleza sababu, nayo itakuwa nzuri. Ya kwetu ilikuwa nzuri kuliko zote: kumbukumbu ya marehemu.

Tuliyojifunza si mengi. Likiletwa ombi, uliza linavyofanya kazi, hata kama unaona haya kwa kutojua. Laiti tungeuliza tangu mwanzo chipu inafanya nini hasa, tungemwuliza kijana diski zipi zitaingia. Kama kitu kiwili, cha halali na kisicho halali, kinapita mlango mmoja, mwambie mtoto hivyo waziwazi, na mwambie unamwamini kwa kipi. Na kabla ya kumpima tumbo, muulize kama amekula.

Sanduku la bati sasa liko chumbani kwake. Mashine ya Ulaya imo ndani yake, namba inayoishia na 2, haijafunguliwa hata skrubu moja. Mungu amlaze mwenye nayo mahali pema, naye Bwana atupe sisi tuliobaki masikio ya kusikia kile watoto wetu wanachokisema wanaponyamaza.